Mwasumini Uliovikwa Leso

Kwetu Mombasa kipupwe ni msimu wa raha. Masika yamekwisha, joto limepungua, upepo unaingia madirishani na watu wanalala mchana bila kupepewa. Mama yangu alikuwa akikingoja kipupwe tangu kaskazi inapoanza kumchosha, akisema kikifika atapaka nyumba chokaa, atashona, atatembelea watu. Kwa hiyo nilipoolewa na kuhamia Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sikukiogopa kipupwe hata kidogo. Nilikingoja kwa furaha, na nikakiona cha mtema kuni.

Tulikuwa tumepanga nyumba Kinoo, kando ya barabara kuu inayopanda kwenda Limuru. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, bati juu, vyumba viwili na jiko la nje, na nyuma ya jiko kipande cha ardhi kinachoteremka kuelekea kijito. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji, na ndugu zake wote walikaa Pumwani. Waliposikia tunahamia Kinoo walishika vichwa. Mtakaa na nani huko? Adhana mtaisikia wapi? Mume wangu akawajibu kwamba anayo saa ya mkononi, na Ijumaa ataswali msikiti mkubwa wa mjini kama siku zote. Lakini aliyetaka kwenda Kinoo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeishi miezi michache katika chumba kimoja huko Pumwani kisicho hata na ardhi ya kutilia mche, na nilihisi nitarukwa na akili. Tena nilikuwa na debe langu.

Debe hilo lilikuwa la samli, limejaa udongo wa uani kwetu, na ndani yake vipande vya mwasumini na mrehani. Nilipanda nalo treni nikiwa bibi arusi, nikaliweka miguuni, na shemeji zangu wakanicheka mpaka Voi. Sikujali. Mwasumini ule ulikuwa na kazi. Ulikuwa wa kumleta mama yangu.

Mama alikuwa amebaki peke yake. Baba alifariki nikiwa mdogo, nyanya aliyekuwa akiishi nasi alifuata miaka baadaye, na kaka yangu alikwenda Uarabuni kutafuta kazi akakaa hukohuko. Nilipoolewa mimi, ile nyumba ya vyumba vingi na ngazi za giza ikabaki na mtu mmoja. Nilikuwa nikila chakula Kinoo nafikiria kwamba mama anakula peke yake, na chakula kinakwama. Nilimwomba aje akae nasi. Nilimwomba kabla ya harusi, baada ya harusi, na kila alipopatikana mtu wa kumpelekea maneno.

Mama hakuwa mtu wa visingizio vingi. Alikuwa nacho kimoja tu na alikishika barabara. Kila siku baada ya alasiri alitoka uani na kisahani, akachuma asumini zikiwa bado hazijafunguka, akakaa mkekani na kuzitunga uzini moja moja. Zikifika magharibi zimefunguka zenyewe na nyumba nzima inanukia. Nyingine alizifunga pamoja na majani ya mrehani akatengeneza vikuba, vile vishada vidogo ambavyo wanawake wa kwetu hubandika kifuani au kwenye nywele. Majirani wenye harusi walileta watoto kuja kuomba. Hakuna mtu mtaani aliyempita kwa kikuba.

"Mahali pasipoota asumini," aliniambia, "mimi nitafanya nini baada ya alasiri?"

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Mwanamke wa umri wake akae Kinoo, asiyejua jirani, asiyejua lugha ya dukani, mume wangu yuko kazini na mimi niko jikoni. Baada ya alasiri afanye nini? Mwisho alinipa sharti. Mwasumini ukishika huko, na ukapita baridi yao salama, atakuja kuuona. Akishauona atafikiri. Kwa mama yangu neno "nitafikiri" lilikuwa kubwa, kwani mambo mengi aliyakataa kabla hujamaliza kuyasema.

Mwaka wa kwanza nilifanya kama tulivyofanya nyumbani. Masika yalipokwisha nilichukua kisu nikaupogoa, maana kwetu ukiukata wakati huo unachipua upya na kutoa maua kwa fujo. Ukachipua kweli. Majani laini ya kung'aa yalitoka kila pembe, nikamwita mume wangu aje aone, nikajigamba. Kisha Juni ikaingia.

Asiyekaa Kinoo hataelewa. Jua linaweza kukosekana wiki nzima. Ukungu unapanda kutoka bondeni alfajiri na kukaa mpaka karibu na adhuhuri, manyunyu yanaanguka ambayo si mvua wala si umande, nguo hazikauki, na vidole vinakuwa vizito hata kushika sindano. Bondeni kwenye kijito niliona asubuhi moja nyasi zimegeuka nyeupe kwa sakitu, nikadhani mtu kamwaga unga. Baridi ile iliyakuta machipukizi yangu machanga yakiwa wazi, ikayachoma yakawa meusi. Nami kwa kuona mti unanyauka nikazidisha maji, tena jioni, kwa kuwa kwetu mmea haumwagiliwi mchana jua likauunguza. Maji yakalala juu ya majani na kwenye mizizi usiku kucha. Kufikia Agosti nilikuwa nimebaki na kijiti.

Nililia, sioni haya kusema. Mume wangu, mtu mwema lakini asiyejua wakati wa kunyamaza, alitoka kazini siku ile akapita soko kuu la mjini akaniletea mawaridi, marefu, mekundu, yamefungwa kwa karatasi. Nikayanusa. Hayakuwa na harufu. Nikayatia kwenye chupa ya soda, nikamwambia ahsante, nikamwambia pia kwamba mama yangu hawezi kuhama Mombasa kuja kuishi na chupa.

Habari zikamfikia mama kupitia jirani yetu aliyekuja Nairobi kwa shughuli zake. Jirani huyohuyo, aliporudi tena, aliniletea jibu. "Mamako amesema alijua." Kisha akanishushia mlangoni debe jingine la samli, limejaa vipande vya mwasumini, na mdomo wake umefungwa kwa leso mbili kuukuu za mama ili udongo usimwagike njiani. Nilikaa na lile debe mapajani muda mrefu. Mtu asiyetaka kuja hangetuma debe la pili.

Basi mwaka wa pili nilipiga moyo konde. Na mwaka huo ndipo nilipojuana sawasawa na mama mwenye nyumba.

Yeye aliishi ng'ambo ya ua wa miiba, katika nyumba ya mawe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye ng'ombe, mashamba ya viazi, nyumba za kupangisha, kofia ya sufu na sauti ya kuita mtu kutoka bondeni. Mwaka wa kwanza tulisalimiana tu. Mwaka wa pili aliponiona nachimba mashimo ya miche mitano ukutani mwa jiko, upande linakochomoza jua, alisimama uani na kuniangalia kama anaangalia mtu anayefua nguo safi.

"Bibi ya karani, hii kitu inaliwa?"

"Hailiwi, mama."

"Inauzwa?"

"Haiuzwi."

"Sasa inafanya nini?"

"Inanukia."

Akafikiri kidogo. "Kunukia," akasema, akaenda zake. Jioni yake alirudi na ndoo mbili za samadi ya ng'ombe, akazimwaga pale bila salamu, kama mtu aliyeamua kwamba wazimu wa jirani ni mzigo wa wote.

Kumwona yeye akijiandaa kwa baridi kulikuwa somo. Kuanzia Mei alikuwa hapumziki. Maharagwe yalitolewa shambani kabla ukungu haujayaozesha, viazi vilipandishiwa udongo, kuni zilirundikwa chini ya paa, na mabua ya mahindi yaliyokauka yakasimamishwa kama vibanda. Mimi nilimfuata nyuma nikiuliza maswali. Alinipa mabua, nikayakatakata na kuyatandaza kuzunguka mashina ya miche, tabaka nene, ili ardhi isipoe. Kuhusu kisu tulikubaliana bila ubishi. Mti unaoingia kwenye baridi usiguswe, uachwe na majani yake makuukuu yanayojua dunia. Kuhusu maji nilijifunza mwenyewe kwa machozi ya mwaka uliopita, nikawa namwagilia asubuhi ukungu ukishaondoka, kidogo tu, chini, bila kugusa majani. Lakini si kila ushauri wake niliupokea. Alitaka niupandishie mwasumini udongo mpaka shingoni kama kiazi. Nikamwambia hapana. Akasema basi ukifa asije akanisikia nikilia tena, maana mwaka jana nilimtia wasiwasi, alidhani karani ananipiga.

Kitu kimoja hakikufundishwa na yeyote. Nilikitoa kichwani mwangu na nilikionea fahari. Nilisimamisha vijiti kuzunguka kila mche, nikafunga kijiti kingine kukingama juu yake, na kila jioni kabla jua halijazama, mama mwenye nyumba akiwa kwenye ng'ombe wake, nikavifunika kwa leso. Leso mbili za mama, tatu zangu. Leso moja haikutosha kwenda chini mpaka ardhini, kwa hiyo niliongeza mashuka na mabuibui ya zamani kwa ndani, nikapindua leso juu na kuifunga fundo chini ya kijiti, vile mtu anavyojitanda. Ndani yake, kwa muda mfupi, nikaweka chetezo chenye makaa yaliyofunikwa jivu, hewa ipate joto, nikakipitisha kutoka mche mmoja hadi mwingine. Na kwa kuwa niliona si adabu kuweka makaa matupu kwenye chetezo, nikatupia na ubani kidogo. Mume wangu akirudi kutoka mjini, koti limelowa manyunyu, alisimama pembeni akatikisa kichwa. "Mimi sijafukizwa tangu siku ya harusi," alisema, "na miti inafukizwa kila jioni."

Nilimwambia siku miti itakapotoa maua nitamfukiza.

Sasa, asubuhi moja ya Jumamosi, katikati ya Julai, ukungu umeshuka mpaka huoni choo, nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa mama mwenye nyumba, na nyuma yake akina mama wa kanisani kwake, wamejifunga vitambaa vyeupe vichwani, mmoja na sufuria ya uji wa moto, mwingine na kapu la viazi vya kuchemsha. Mama mwenye nyumba alikuwa amenuna.

"Bibi ya karani, mimi si mtu ya kuweka maneno kwa roho. Hii wageni yako iko na maringo!"

"Wageni gani, mama?"

"Hii imesimama hapo nyuma ya jikoni! Jana jioni mimi nasalimia, hamjambo, hamjambo akina mama. Kimya. Leo asubuhi nimesalimia tena. Hata moja hajibu, hata kugeuka! Mimi nimeambia hawa wenzangu, labda hawasikii Kiswahili yetu. Labda wamesikia baridi, midomo imeshikana. Tukasema tulete uji."

Nikatoa kichwa nje, nikaangalia upande wa jikoni. Kisha nikaelewa, na kicheko kikanipanda kutoka miguuni. Niliwashika mikono nikawaongoza nyuma ya jiko, na huko katika ukungu walikuwa wamesimama wanawake watano wa Kimombasa, mabega mapana, wamejitanda leso mpaka kichwani, mmoja bado moshi wa ubani unamtoka chini kidogo kidogo kwa sababu nilisahau chetezo. Nikaenda kwa yule wa kwanza nikamvua leso.

Sijasikia wanawake wakicheka vile tena maishani mwangu. Mwenye sufuria ilibidi aiweke chini. Mama mwenye nyumba hakucheka mara moja. Aliuzunguka mwasumini, akaangalia vijiti, akaangalia fundo, akaniuliza maneno yaliyoandikwa kwenye leso yanasema nini. Nikamwambia mengi ni ya kuwasema majirani.

"Kumbe ndiyo maana hawakunijibu," akasema, na hapo ndipo alipoangua kicheko na kushikilia ukuta.

Tulikunywa uji ule sote jikoni kwangu. Kuanzia siku hiyo kila aliyepita njia ya chini aliita, "Hamjambo akina mama!" na kutoka jikoni nilijibu kwa niaba ya miti. Wakaniletea na magunia ya viazi niongezee kwa ndani. Yalikuwa machafu na yalinuka udongo, na moyo wangu uliuma kumvika asumini gunia, lakini nilimvika. Nilikuwa na furaha, nakumbuka vizuri nilivyoitambua. Nilikuwa nimetoka Mombasa bila kujua mtu, na sasa nilikuwa na kijiji kizima kinachouliza hali ya mti wangu.

Mama alifika mwishoni mwa Agosti. Tulimpokea steshini asubuhi, amejifunika buibui juu ya sweta mbili, na kabla ya kupanda basi la Kinoo alitaka kwenda kuangalia maua ya soko la mjini aliyosikia habari zake. Akapita meza moja moja, akauliza asumini. Hakuna. Muuzaji akampa waridi anuse. Mama akanusa kwa heshima zote, akalirudisha. "Zuri," akasema, "lakini limepoa." Mimi na mume wangu tukaangaliana. Nilijua kinachomngoja nyumbani. Miche mitatu kati ya mitano ilikuwa imepita salama, hiyo kweli, lakini ilikuwa imekonda, majani yake yamefifia rangi, na hakukuwa na ua hata la dawa.

Mama mwenye nyumba alikuwa langoni. Mama akamwambia hujambo. "Huyu anajibu!" akapiga kelele mama mwenye nyumba, akamkumbatia, na mama yangu akaniangalia juu ya bega lake akitaka maelezo.

Nilimpeleka nyuma ya jiko. Kwa kuwa ukungu haukuwa umeondoka, leso zilikuwa bado juu. Mama akasimama.

"Leso zangu hizo?"

"Ndizo, mama."

"Zile nilizofungia debe?"

"Ndizo."

"Doti nzima nimevaa Idi mbili tatu, wewe umemvika mti." Alisema hivyo kwa hasira ya kweli. Kisha akamsogelea yule wa kwanza, akafungua fundo, akainua gunia kwa ncha za vidole, akaugusa mwasumini. Aligeuza jani, akaangalia chini yake. Akapitisha kidole kwenye shina. Nilingoja aseme lolote. Alisema, "Mmeukondesha," akaingia ndani kutafuta moto.

Usiku huo nilimwambia mume wangu kwamba nimeshindwa. Safari hii hakuniletea mawaridi.

Jioni ya pili, mume wangu anaingia tu kutoka kazini, mama akamuuliza, "Treni ya Mombasa bado inaondoka jioni?"

"Bado, mama."

"Haya."

Jioni iliyofuata akamuuliza tena, na iliyofuata. Lilikuwa swali la adabu, kama mtu anavyouliza mvua. Lakini kila alipouliza nilihisi kisu. Mume wangu alijaribu kulikwepa, aliingia kwa mlango wa jikoni, akaanza kuzungumza habari za ofisini kabla hajavua koti. Haikusaidia. Mama alimngoja amalize.

Hata hivyo niligundua jambo. Jioni moja nilichelewa kidogo dukani, nikawa narudi mbio kwa ajili ya kufunika miche, na nilipozunguka jiko nikamkuta mama amepiga magoti kwenye mabua, buibui limepandishwa, anafunga fundo la leso na kuusuta mti. "Shingo wazi hivi," alikuwa akiuambia mwasumini, "ndiyo maana umekonda. Hajui kufunga huyu." Akaufunga upya, akavuta gunia likashuka mpaka chini, akapiga piga mabua kwa kiganja. Nilirudi nyuma taratibu, nikatokea tena huku nakohoa. Alisimama haraka. Akaniambia kwamba yeye ataondoka, hilo nisiwe na wasiwasi nalo, lakini watu wa Mombasa watamuuliza, naye hatapenda kusema uongo. Atangoja mti utoe ua moja aseme ameliona.

Septemba ikapita. Mama alichukua kazi ile moja kwa moja, bila kuulizana. Akawa anaamka, anavua leso jua likitoka, anazianika juu ya ua wa miiba, na jioni anazirudisha. Mama mwenye nyumba alikuja na kigoda chake wakakaa pamoja, mmoja akimenya viazi na mwingine akiangalia mti, wakiongea Kiswahili ambacho kwacho kila mmoja alimhurumia mwenzake. Mama akamwambia viazi vyake havina chumvi. Mama mwenye nyumba akamwambia mti wake hauna kazi. Walipatana sana. Na jioni ikifika, mlangoni, treni ya Mombasa bado inaondoka? Bado, mama.

Oktoba jua lilirudi Kinoo, kali, la kuchoma pua. Tukaweka leso kabatini. Hapo ndipo mama alipochukua kisu akaupogoa mwasumini mwenyewe, mkato mmoja mmoja, mimi nimeshika kisahani kama mtoto. Ukachipua. Sikujigamba safari hii. Niliyaangalia machipukizi kwa pembe ya jicho, kama mtu asiyetaka kumhusudu mtoto wa mwenzake, na siku moja katikati ya majani niliona vichwa vyeupe vidogo, vimefumba, vigumu kidogo kama punje za mchele. Sikusema. Niliingia ndani nikakaa. Mama alikuwa ameshaviona kabla yangu, na yeye pia hakusema.

Tuliswali alasiri. Mama akakunja msala, akaomba kisahani.

Havikuwa vingi. Alivichuma vyote, akakaa mkekani mlangoni, akaomba uzi na sindano, na vidole vyake vikaanza ile kazi niliyoiona tangu sijajua kutembea. Nilijifanya nachambua mchele. Mrehani haukuwa umepita baridi, kwa hiyo alitumia majani ya mnanaa wa mama mwenye nyumba, akalalamika, akatumia. Alitengeneza kikuba kimoja akakiweka kwenye kitambaa chenye maji. Akaniambia hicho ni cha yule mama wa viazi, kesho ni Jumapili, akivae kanisani. Alikivaa kweli, kwenye kola ya koti, na inasemekana siku hiyo watu waligeuka kuangalia nyuma zaidi kuliko walivyoangalia mbele.

Lakini hiyo ilikuwa kesho yake. Jioni ile tulikuwa bado mlangoni, asumini zinaanza kufunguka kwenye uzi, mume wangu akafika kutoka mjini. Alisimama kizingitini akavuta pumzi. Akaniangalia. Sikumwangalia. Akavua koti polepole, akalitundika, akavua kiatu, kisha akabaki pale amesimama na kiatu kimoja mkononi, anangoja swali lake. Mama alikuwa amekata uzi kwa meno. Aliinua shada akalinusa, akanifunga kwenye nywele bila kuniambia geuka, kisha akamuuliza mkwewe:

"Hii baridi yenu ya huku huanza mwezi gani?"

Mume wangu alikiweka kiatu chini. "Juni, mama," akasema. "Mwisho wa Mei, mwaka mwingine."

"Basi kamwambie yule mama asiwape ng'ombe mabua yote."